Nta, Kamba, Mgomba na Moshi

Mkulima wa vitunguu wa Lumuma, Kilosa, ameinama jarubani akifungulia maji ya mfereji, huinua macho akaona moshi juu ya milima ya Rubeho. Moto wenyewe hauonekani, lakini anajua upo. Amejuaje? Wanafalsafa wa India walibishana juu ya swali hilo kwa karne nyingi, tena kwa mfano huohuo wa mlima, moshi na moto.

Shule ya Nyaya, ambayo kitabu chake cha msingi ni cha karne za mwanzo BK, ilipanga hoja kwa hatua. Mlimani kuna moto. Kwa nini? Kuna moshi. Kila penye moshi pana moto, kama jikoni. Mlima ule una moshi wa namna hiyo. Basi moto upo. Kumbe shahidi wa hoja nzima ni mafiga! Wapinzani wao, Charvaka, waliokubali yanayoonwa tu, waliuliza: nani amekagua majiko yote ya dunia? Mwaka 1739 shaka hiyo ilizuka upya kwa David Hume wa Uskochi. Kwake yeye, tunatarajia kesho ifanane na jana kwa mazoea, si kwa mantiki.

Kuhusu uhalisi, Shankara, mwanafalsafa wa India wa karne ya 8, alipenda mfano wa kamba. Mtu gizani anaona nyoka, anaruka; taa ikija anakuta kamba. Ndivyo ulimwengu wa vitu vingi unavyotuhadaa, alifundisha, ilhali kilichopo kweli ni kimoja, Brahman. Waswahili nao wana methali yao: mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mfano unakaribia kuwa uleule, lakini jicho limeelekea kwingine. Shankara anamlaumu anayeshtuka kwa ujinga wake. Methali inamhurumia kwa jeraha lake.

Ulaya, René Descartes alichagua nta. Katika kitabu chake cha mwaka 1641 anashika kipande kilichotoka mzingani: bado kina utamu wa asali na harufu ya maua, ni kigumu, ni baridi, ukikigonga kinalia. Anakisogeza motoni. Utamu unatoweka, harufu inapotea, rangi inageuka, kinayeyuka, hakishikiki. Aliyewahi kuchemsha masega ameyaona yote hayo. Je, ni nta ileile? Ni ileile, anajibu Descartes, ila tumeijua kwa akili, si kwa pua wala vidole. Immanuel Kant, mwaka 1781, aliweka mpaka: tunavijua vitu jinsi vinavyotutokea, si jinsi vilivyo vyenyewe.

Nafsi ndiyo iliyowatenganisha wanafalsafa zaidi. Upanishadi, maandiko ya kale ya India, zilisema ndani ya mtu mna atman, kiini kisichokufa. Buddha akakataa, na mfano wake ulikuwa mgomba. Mtu anaingia msituni kutafuta mti wenye moyo mgumu, anaukata mgomba, anabandua ganda baada ya ganda, wala moyo haupati. Mwili, hisia na fahamu ni maganda tu. Hume naye alijichungulia ndani akakuta joto, baridi, pendo na chuki vikipishana. Mwenye nyumba hakumwona. Kwa Descartes kinyume chake: kila kitu kinaweza kutiliwa shaka isipokuwa mimi ninayetia shaka.

Huku Kilosa mtu hatafutwi kwa kubanduliwa. T. O. Beidelman, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeanza utafiti Ukaguru mwaka 1957, aliandika juu ya fikra za Wakaguru katika kitabu cha mwaka 1986. Kwao ukoo hufuata upande wa mama, na waliokufa wana neno katika maisha ya walio hai. Ukiuliza mimi ni nani, jibu linaanza na nani alimzaa mama yako. Alexis Kagame wa Rwanda, mwaka 1956, alitumia lugha yenyewe kupanga vilivyopo katika mafungu manne: muntu, kintu, hantu, kuntu, yaani mtu, kitu, mahali na namna. Mkenya John Mbiti, mwaka 1969, akasisitiza kuwa mtu huwa mtu kupitia jamii yake. Mwenzake Henry Odera Oruka akaonya tusizame humo: mzee anayebishana na mila ya ukoo wake naye ni mwanafalsafa.

Turudi kwenye swali la kujua. Nyaya waliorodhesha njia nne: kuona, kukisia kwa dalili, kulinganisha, na neno la mwaminifu. Chama cha wanasayansi cha London, kilichoanzishwa mwaka 1660, kilijiwekea kaulimbiu ya kutokubali jambo kwa neno la mtu. Lakini nani awezaye kuishi hivyo? Mbegu ya kitunguu hununuliwa kwa kumwamini mtu muda mrefu kabla haijachipua. Vatsyayana, mfafanuzi wa Nyaya, alitaja sifa za kuaminika: msemaji awe analijua jambo kwa hakika, na awe anataka kulisema lilivyo. Akaongeza kuwa sifa hizo anaweza kuwa nazo mtakatifu, muungwana, hata mgeni asiye wa taifa lao.

Mtoto akishuka mbio kutoka mlimani akisema shamba linaungua, mkulima wetu hamuulizi ukoo. Anajiuliza kama ametoka huko kweli, na kama ana kawaida ya uongo. Kisha anafunga mfereji, anachukua jembe.