Takwimu kwa Picha: Funzo la Pishi na Karafuu

Watu wa mwambao na wa visiwa vya Unguja na Pemba ni watu wa biashara tangu zamani, na biashara haiendi bila ya vipimo. Kibaba, pishi na frasila si majina ya vyombo na uzito tu. Ni mapatano baina ya muuzaji na mnunuzi, na baina ya mwenye shamba na mchumaji. Vibaba vinne ni pishi moja. Frasila ni ratili 35 hivi, yaani karibu kilo 16. Mtu asiyejua herufi hata moja aliweza kusimama mbele ya kibaba cha mchele akajua amepata kiasi gani, kwa sababu kiasi chenyewe kilikuwa mbele ya macho yake.

Katika makala haya tunakusudia kueleza namna hesabu za maisha ya kila siku zinavyoweza kurudishwa mbele ya macho ya watu kwa njia ya michoro. Jambo hili skulini huitwa takwimu kwa picha. Tutaanza na karafuu, zao ambalo historia yake Visiwani inatajwa pamoja na shamba la Kizimbani, kisha tutaingia katika hesabu ya watu. Mwisho tutaonyesha kwamba mchoro, kama pishi, unaweza kutumiwa kwa haki na unaweza pia kutumiwa kwa dhuluma.

Kizimbani na hesabu za karafuu

Katika historia ya Zanzibar, Saleh bin Haramil al-Abry anatajwa kuwa ndiye aliyeleta mikarafuu kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa na walowezi wa Kifaransa, katika miaka ya 1810, na kwamba mashamba ya mwanzo yalikuwa Mtoni na Kizimbani. Sayyid Said bin Sultan, aliyefika Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828, alilitia zao hilo mkononi mwake na kulieneza. Kazi ya kusafisha misitu, kupanda na kuchuma ilifanywa na watumwa, ambao katika hesabu za matajiri walihesabiwa pamoja na mali. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897, lakini desturi ya kumhesabu mfanyakazi bila ya kumwonyesha hesabu yenyewe haikufutika siku ile.

Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Kwa kuwa mkarafuu huchukua miaka sita hadi minane kabla ya kuzaa, hasara ile haikuweza kuzibwa kwa msimu mmoja wala miwili, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyokuwa mama wa karafuu. Maelezo haya mwanafunzi huyasoma akayasahau. Lakini mwalimu akichora ramani mbili za visiwa hivi, moja ya kabla ya 1872 na moja ya baadaye, akatia rangi nzito palipo na mikarafuu mingi na rangi nyepesi palipo na michache, darasa zima litaona kwa mtazamo mmoja jinsi uzito wa zao ulivyohama kutoka kisiwa kimoja kwenda cha pili.

Kizimbani yenyewe baadaye ikawa mahali pa utafiti na mafunzo ya kilimo. Shamba la utafiti ni mchoro mkubwa uliochorwa juu ya ardhi: viwanja vya ukubwa mmoja, miti iliyopandwa kwa mistari, kila mstari na dawa yake au mbolea yake. Anayepita kati ya mistari huona tofauti kabla hajaisoma katika daftari.

Hata hivyo, kwa miaka mingi takwimu za karafuu zilikaa katika vitabu tu. Serikali ya ukoloni ilichapisha kila mwaka taarifa za mauzo, mapato na ushuru, kwa Kiingereza, zikiwa safu juu ya safu za tarakimu. Waliozisoma walikuwa maofisa na wafanyabiashara wakubwa. Mchumaji aliyepanda mti kwa kamba na mkulima aliyeanika karafuu juu ya mikeka ndio waliozifanya tarakimu hizo ziwepo, lakini wao hawakuzijua. Na asiyejua hesabu ya jasho lake ni vigumu kudai haki yake au kupanga kesho yake.

Kipimo kimoja, kirudiwe

Ufundi wa kuchora takwimu ulikuzwa Ulaya. Mwaka 1786 William Playfair alitoa kitabu cha biashara ya Uingereza kilichotumia mistari na nguzo badala ya majedwali. Mwaka 1858 Florence Nightingale alitumia michoro kuwathibitishia wakubwa wa serikali kwamba askari wengi zaidi walikufa kwa maradhi yanayozuilika kuliko kwa majeraha ya vita. Lakini aliyetaka takwimu zifahamike na wafanyakazi wa kawaida, hata wenye elimu ndogo, alikuwa Otto Neurath, aliyeanzisha makumbusho ya jamii na uchumi mjini Vienna mwaka 1925.

Kanuni yake kuu ni nyepesi. Kiasi kikubwa kisionyeshwe kwa picha kubwa zaidi, bali kwa picha nyingi zaidi zenye ukubwa uleule. Kama gunia moja limechorwa kuwakilisha tani 100, basi tani 300 ni magunia matatu sawasawa, wala si gunia moja lililonenepeshwa. Msomaji wa Visiwani hatashangazwa na kanuni hii, kwani ndiyo kanuni ya pishi. Mpimaji mwadilifu hubaki na pishi ileile, akairudia na kuhesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Anayebadilisha ukubwa wa pishi katikati ya kazi, hata akihesabu kwa sauti ya juu namna gani, anamdhulumu mchumaji.

Tuchukue mfano wa jambo lililo wazi kwa kila mkulima. Karafuu mbichi ikikauka hupoteza kiasi cha theluthi mbili za uzito wake. Chora magunia matatu ya karafuu mbichi upande wa kushoto, mkeka na jua katikati, na gunia moja la karafuu kavu upande wa kulia. Mchoro huo mmoja unaeleza kwa nini bei ya mbichi na bei ya kavu haziwezi kuwa moja, na kwa nini anayeuza mbichi kwa haraka ya shida lazima aijue hesabu hii kabla ya kupeana mikono na mnunuzi.

Katika miaka ya 1950 Marie Neurath, mjane wa Otto, aliitwa na serikali ya Nigeria ya Magharibi kutengeneza vijitabu vya picha juu ya afya, kilimo na elimu. Huko ilibidi alama zilizobuniwa Vienna zibadilishwe, kwa kuwa nyumba, mavazi na vyombo vya watu wa pale havikufanana na vya Ulaya. Funzo ni kwamba picha nayo ni lugha. Kwetu alama ya chakula inaweza kuwa chungu au kinu, na alama ya mavuno ikawa pakacha. Mtoto wa Kizimbani akichorewa ngano na ghala la nchi za baridi, kwanza atahitaji kufasiriwa picha kabla ya kufasiriwa hesabu.

Picha katika elimu ya watu wazima

Tanzania ilikwishaonja manufaa ya njia hii. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima kiasi cha milioni 2 Tanzania Bara katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma vijitabu na kujadiliana, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kufyeka mazalio ya mbu. Katika kazi ya namna hiyo picha na mazungumzo huenda pamoja: picha huibua suali, na kikundi hutafuta jawabu lake.

Kampeni ya kufuta ujinga nayo ilikuwa na takwimu zinazostahili kuchorwa. Kwa hesabu za serikali, watu wazima wasiojua kusoma na kuandika Bara walikuwa asilimia 67 mwaka 1967, na mwaka 1975 walikuwa asilimia 39. Chora watu 100, kumi kwa kumi, mara mbili. Katika mchoro wa kwanza watu 67 hawana kitabu mkononi. Katika wa pili wamebaki 39. Mtu yeyote anaona kazi iliyofanyika. Lakini mwalimu aongeze neno moja: katika miaka hiyo minane watu wenyewe waliongezeka, kwa hivyo idadi ya wasiojua kusoma haikupungua kwa kiasi kile kile asilimia ilivyopungua. Asilimia na idadi ni ndugu, lakini si mtu mmoja.

Hesabu ya watu wa Zanzibar

Sasa tuje kwenye hesabu inayogusa kila nyumba. Mwaka 1958 Unguja na Pemba zilikuwa na watu 299,111. Sensa ya 1978 ilipata watu 476,111. Ya 1988 ikapata takriban 640,000. Ya 2002 ikakaribia milioni 1. Ya 2012 ikapata 1,303,569. Na ya 2022 ikapata 1,889,773.

Tuseme mchoro wa mtu mmoja ni watu 100,000. Safu ya 1958 itakuwa na watu watatu. Ya 1978 itakaribia watano, ya 1988 itapita kidogo sita, ya 2002 itakaribia kumi, ya 2012 itakuwa kumi na watatu, na ya 2022 karibu kumi na tisa. Mwanafunzi akizilinganisha safu mbili za mwisho ataona kwamba kati ya 2012 na 2022 wameongezeka karibu watu sita wa mchoro. Maana yake ni kwamba nyongeza ya miaka kumi tu inakaribia mara mbili ya watu wote waliokuwapo Zanzibar mwaka 1958. Jambo hili limo ndani ya tarakimu, lakini wengi huzisoma tarakimu hizo wasilione.

Kisha mwalimu achore kisanduku kimoja cha ardhi, kwa kuwa visiwa havikui. Mwaka 1958 kilomita moja ya mraba ilikuwa na watu kiasi cha 120. Mwaka 2022 ilikuwa na zaidi ya 750. Hapo darasa litaanza lenyewe kuuliza juu ya maji, viwanja vya kujenga, skuli, na mashamba ya karafuu yanayogeuka kuwa mitaa. Takwimu imekuwa mazungumzo ya raia.

Hila za wachoraji

Ni lazima tuonye pia. Mchoro huaminiwa haraka, na kwa hiyo hudanganya haraka. Hila ya kwanza ni ile ya pishi iliyonenepeshwa: mavuno yakiwa yameongezeka mara mbili, mchoraji huchora gunia lenye urefu mara mbili na upana mara mbili, na jicho likaona gunia kubwa mara nne. Hila ya pili ni kukata miguu ya nguzo. Tuseme skuli ina wanafunzi 90 mwaka huu na 95 mwaka ujao. Grafu ikianzia 85 badala ya sifuri, nguzo ya pili itaonekana ndefu mara mbili ya ya kwanza.

Hila ya tatu ni kupanga miaka isiyo sawa kwa nafasi zilizo sawa. Sensa tulizozitaja hazikuachana kwa miaka mamoja: kutoka 1958 hadi 1978 ni miaka 20, kutoka 1988 hadi 2002 ni miaka 14. Anayeziweka safu kwa masafa mamoja anapotosha mwendo wa ongezeko, hata kama kila tarakimu yake ni sahihi. Hila ya nne ni wastani. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka wa neema hufuatwa na mwaka wa upungufu. Wastani wa miaka mitano huwa mstari ulionyooka, na mkulima hali wastani. Hula mavuno ya mwaka ule. Grafu ya mstari yenye kupanda na kushuka ndiyo inayosema kweli juu ya maisha yake, na ndiyo inayomwonyesha haja ya kuweka akiba.

Wajibu wetu

Mwalimu hahitaji vyombo vya fahari. Ubao, chaki, kokwa za maembe au vijiti vinatosha. Wanafunzi wahesabu miti ya kiunga cha skuli, siku za mvua za masika na vuli, masafa ya kila nyumba hadi kwenye mfereji wa maji. Wachague kipimo kimoja wasikibadilishe, waandike chini ya mchoro kila alama ina thamani gani, na wataje hesabu imetoka wapi na mwaka gani. Kisha mchoro ubandikwe mahali wazee watauona, nao wapewe nafasi ya kuusahihisha, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wanaojua kisima kipi kimesahauliwa.

Taifa linalojitawala halina budi kujihesabu lenyewe, na hesabu yake isiishie katika makabati ya ofisi. Wazee wetu walikataa kupimiwa gizani. Walitaka pishi iwekwe mbele ya macho, ijazwe mbele ya macho, na ihesabiwe kwa sauti. Vijana wa leo waliozungukwa na tarakimu za kila namna wanastahili kufundishwa kudai hayo hayo.