Sandarusi: kipande cha Fukayosi na chipu iliyo ndani ya simu yako

Basi bwana, mwezi uliopita nilikuwa Fukayosi, matangani. Kwa asiyepajua, ni kijiji kilicho kwenye barabara ya Bagamoyo kwenda Msata, jirani na Kiwangwa ya mananasi. Usiku wanaume tulikuwa tumejinyoosha nje kwenye majamvi, vijana kila mmoja na simu yake usoni, wazee na mazungumzo yao. Mzee mmoja akaniita. Nikaenda, shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu. Akatoa mfukoni kitu kidogo cha manjano, akakiweka kiganjani mwangu.

"Hiki nini?"

Nikakiangalia kwa mwanga wa simu. Chepesi, kinapitisha mwanga kidogo, juu kina vipele vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Nikasema ni plastiki. Wazee wakacheka mpaka nikaona aibu.

"Plastiki! Hii sandarusi. Nimeiokota shambani nikipalilia mihogo. Babu zetu walikuwa wakiichimba hii, wanaipeleka kwa Wahindi, wanarudi na nguo. Leo ujaze hata gunia zima, hakuna anayekuuliza."

Nikamuuliza kwa nini hakuna anayeuliza. Akanijibu: "Msomi ni wewe. Kaulize huko, uje uniambie."

Ndugu msomaji, haya ndiyo niliyoyapata. Na nakuonya mapema, safari yenyewe ni ndefu: inaanzia kwenye shimo la jembe, inapita Ujerumani, na inaishia ndani ya simu unayoitumia kunisoma.

Tuanze na kitu chenyewe. Sandarusi ni utomvu wa mti wa msandarusi, ambao wataalamu wa mimea wanauita Hymenaea verrucosa. Mti ukijeruhiwa hutoa utomvu, utomvu hudondoka na kufukiwa na mchanga. Ukikaa ardhini miaka mingi sana, mara nyingi mpaka mti wenyewe unapotea, unakuwa mgumu kama jiwe. Vingine vina wadudu waliokwama humo ndani kabla hata ya babu wa babu zako. Ile mbichi inayotolewa mtini wenyeji waliiita chakazi, na wafanyabiashara wa kigeni, kwa kutoweza kulitamka, wakaligeuza jina hilo likawa neno la Kiingereza lenye maana ya punda. Bei yake ilikuwa ndogo. Iliyotafutwa ni ya ardhini, yenye vipele.

Ilitafutwa kwa sababu ya vanishi. Sandarusi ikiyeyushwa na kuchanganywa na mafuta ya kitani, hutoa vanishi ngumu, angavu, isiyokwaruzika ovyo. Magari ya farasi ya matajiri wa Ulaya na Marekani, samani zao na meza zao, viling'aa kwa utomvu uliochimbwa Mrima. Sokoni waliiita sandarusi ya Zanzibar na kuihesabu miongoni mwa zilizo bora duniani. Jina la Zanzibar, lakini mashimo yalikuwa huku bara, Uzaramo na nyuma ya miji ya pwani. Tumezoea. Bandari hupata jina, shamba hubaki na shimo.

Wamarekani waliifuata mapema. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifunga nao mkataba wa biashara, na mwaka 1837 balozi wao wa kwanza, Richard Waters, akafika Zanzibar akitokea Salem, Massachusetts. Meli za Salem zilileta vitambaa vya pamba, ile nguo ambayo mpaka leo tunaiita marekani, zikaondoka na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Said aliijua thamani yake. Katika mkataba wake na Waingereza wa mwaka 1839, bidhaa mbili za Mrima zilitengwa zibaki chini ya mamlaka yake: pembe na sandarusi. Hebu fikiria. Kile nilichokiita plastiki kiliwahi kutajwa kwenye mkataba wa kimataifa, sambamba na pembe za ndovu.

Mwaka 1857 Mwingereza Richard Burton alipita pwani hii akielekea Tanganyika, na akaandika kwa kirefu kuhusu uchimbaji huo, mashimo mafupi ya jembe ambayo mchimbaji huyaacha na kwenda kuchimba kwingine. Kwa muda mrefu sandarusi ilisafirishwa ikiwa na mchanga wake, ikaenda kuoshwa Salem, ambako kulikuwa na kiwanda cha kazi hiyo. Hata kuiosha tu, wakaenda kuioshea kwao!

Mchimbaji aliambulia nini? Nguo. Sisemi nguo haikuwa kitu, nguo ilikuwa fedha ya wakati ule. Ila mchimbaji alijua kuitafuta na kuipata, ilhali maarifa ya nini kinafanyika baada ya hapo, moto kiasi gani, mafuta gani, kwa nini inang'aa, yalikuwa ng'ambo. Na maarifa hayo ndiyo yaliyoamua mwisho wa hadithi.

Sasa tuvuke bahari. Mwanakemia Mbelgiji Leo Baekeland alihamia Marekani mwaka 1889. Utajiri wake wa kwanza ulitokana na mwanga: alitengeneza karatasi ya kusafishia picha iitwayo Velox, na mwaka 1899 akaiuza kwa George Eastman, mwenye Kodak. Kisha akageukia utomvu. Wakati ule kila mwanakemia alitaka kutengeneza maabara kile ambacho miti na wadudu walikitengeneza bure. Baekeland alichanganya fenoli na formaldehaidi, kemikali mbili za bei nafuu, akapata utomvu wa bandia unaoyeyuka kwenye spiriti kama vanishi. Akauita Novolak, yaani laki mpya. Haukumpa soko alilolitarajia. Akaendelea, na mwaka 1907 akaomba hataza ya bakelaiti, plastiki ya kwanza ya bandia kabisa. Dunia ikaikumbuka bakelaiti na kuisahau Novolak. Wewe usiisahau, tutaihitaji muda si mrefu.

Huko Ujerumani nako, Biebrich kando ya mto Rhine, kiwanda cha familia ya Albert mnamo mwaka 1910 kilichukua utomvu wa aina hiyo ya fenoli, kikaurekebisha ukaweza kuchanganyika na mafuta ya vanishi. Unajua Wajerumani waliuitaje? Kunstkopal. Maana yake sandarusi ya bandia.

Tazama tarehe hiyo vizuri. Mwaka 1910 Bagamoyo ilikuwa chini ya Wajerumani, na boma lao bado liko pale. Yaani dola ileile iliyokuwa imeikalia ardhi yenye sandarusi, huko kwao wanakemia wake walikuwa wanatafuta namna ya kutoihitaji. Hakuna aliyetangaza vita dhidi ya wachimbaji wa Mrima. Watu walikaa tu na chupa zao wakauliza: hiki kitu kinafanya kazi gani hasa, na nini kingine kinaweza kuifanya? Walipopata jibu, soko la babu zetu likaanza kufa.

Ningeweza kuishia hapa nikampelekea mzee jibu lake. Lakini utomvu wa bandia haukuishia kwenye vanishi.

Mji uleule wa Biebrich, ambao mwaka 1926 uliunganishwa na Wiesbaden, ulikuwa na kiwanda kingine cha kemikali kiitwacho Kalle. Mtawa Mbenediktini, Gustav Kögel, alifanya nao kazi juu ya kemikali za jamii ya diazo, ambazo mwanga huziharibu. Kutoka hapo ikazaliwa Ozalid, karatasi ya kunakilia michoro. Ukilisoma jina hilo kinyumenyume unakaribia kupata diazo. Wanaokumbuka ofisi za ramani za zamani wanaijua: michoro yenye mistari ya zambarau au bluu, na harufu ya amonia inayokata pua.

Miaka ya 1940, mwanakemia wa Kalle aitwaye Oskar Süss alichunguza aina fulani ya diazo na kuona jambo la ajabu. Ikichanganywa na Novolak, inazuia Novolak isiyeyuke kwenye maji ya magadi. Ikipigwa na mwanga, inageuka kuwa asidi, kizuizi kinaondoka, na sehemu iliyoangazwa inayeyuka haraka. Sehemu iliyokuwa kivulini inabaki. Walichokitafuta kilikuwa mabati ya kuchapia. Kwa miongo kadhaa, magazeti na vitabu duniani kote vilichapwa kwa mabati ya aluminiamu yaliyopakwa dawa ya ukoo huo. Mimi ninayekula kwa uandishi wa habari, chapati yangu imepita mlemle.

Wenzao wa Marekani, kampuni ya Azoplate, walikuwa na makazi Murray Hill, New Jersey, mji uleule wa maabara za Bell, ambazo watafiti wake ndio waliovumbua transista mwaka 1947. Dawa ya mabati ikavuka ikaingia kwa watu wa transista, na mpaka leo dawa za jamii hiyo huuzwa kwa herufi AZ.

Transista na dawa ya mabati wapi na wapi? Hapa twende kwa wachoraji wetu wa batiki. Fundi hupaka nta kwenye kitambaa pale asipotaka rangi iingie, huchovya kitambaa, rangi inaingia kwingine kote, kisha nta inaondolewa kwa maji ya moto. Chipu hutengenezwa kwa akili hiyohiyo. Kitambaa ni kisahani cha silikoni. Nta ni ile dawa, ambayo watu wa viwanda wanaiita fotoresisti. Ila nta hii haichorwi kwa mkono. Unaipaka kisahani kizima, unaangaza mwanga kupitia kioo chenye mchoro, unaosha. Palipoangazwa panabaki wazi, unapashambulia kwa asidi au gesi. Kisha unaondoa nta yote na kuanza upya, tabaka kwa tabaka.

Wamarekani wawili, Jay Lathrop na James Nall, walionyesha mwishoni mwa miaka ya 1950 kwamba transista zinaweza kuchorwa kwa mwanga namna hiyo. Mwanzoni zilitumika dawa nyingine, zikiwemo za Kodak, ambazo zilivimba wakati wa kuoshwa na kuharibu mistari myembamba. Mistari ilivyozidi kuwa myembamba, kuanzia miaka ya 1970, viwanda vikahamia kwenye ile ya Süss. Novolak, laki iliyomwangusha Baekeland sokoni, ikachora chipu za kompyuta za mezani za miaka ya 1980. Baadaye Hiroshi Ito, Grant Willson na Jean Fréchet, wakifanya kazi pamoja huko IBM, wakabuni dawa mpya inayohitaji mwanga kidogo zaidi, na chipu za kisasa zikachukua njia hiyo. Lakini ya Novolak haijastaafu, bado inafanya kazi kwenye chipu zisizohitaji mistari myembamba sana.

Nisikudanganye: kikemia, sandarusi na Novolak si ndugu wa damu. Moja imetoka kwenye mti, nyingine kwenye lami ya makaa ya mawe. Undugu wao ni wa kazi. Moja iliajiriwa kuchukua nafasi za jamaa za mwenzake, ikapanda cheo mpaka mahali ambapo mwenzake hakuwahi kufika.

Na cheo chenyewe si cha mchezo. Julai 2019 Japani, ambayo kampuni zake ndizo zinazoongoza kwa fotoresisti za hali ya juu, iliweka masharti makali ya kuziuza Korea Kusini pamoja na kemikali nyingine mbili. Seoul ilitikisika. Taifa lenye viwanda vikubwa vya chipu liligundua kwamba linategemea chupa za jirani. Sayyid Said angeelewa kabisa: aliyeshika utomvu ameshika mkataba.

Je, sisi? Jirani zetu Kenya wamethubutu. Nyeri, kwenye eneo la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kuna kampuni iitwayo Semiconductor Technologies Limited iliyoanzishwa na Anthony Githinji, na kiwanda chake kilifunguliwa rasmi mwaka 2021. Ni kidogo ukikilinganisha na vya Asia. Lakini kule kuna vijana Waafrika wanaovaa yale mavazi meupe na kujua nta inapakwaje na inaoshwaje, na hilo ndilo lililokosekana kwenye mashimo ya Mrima.

Huku kwetu tunazungumzia kinywe cha Ruangwa na Mahenge, na nikeli ya Kabanga, vitu vinavyotafutwa kwa ajili ya betri. Sherehe zinafanywa, hotuba zinatolewa, "dunia inatuhitaji". Labda. Ila sandarusi nayo ilihitajika. Kila ninaposikia kwamba tuna kitu ambacho dunia haiwezi kuishi bila hicho, sasa nakumbuka wale jamaa wa Biebrich na chupa zao. Mahali fulani sasa hivi kuna mtu anayeuliza kinywe kinafanya kazi gani hasa, na nini kingine kinaweza kuifanya. Swali ni kama kwenye vyuo vyetu naye yupo mtu anayeuliza hivyohivyo.

Jumamosi narudi Fukayosi kwenye arobaini. Mzee atataka jibu lake. Nitamwambia: babu, hawakuacha kuhitaji kazi ya sandarusi, bali walijifunza namna ya kuifanya bila sisi. Nitamwambia pia kwamba usiku ule nilipoiita plastiki sikukosea kama walivyodhani, kwa sababu plastiki ndiyo iliyokalia kiti chake.

Kile kipande alinipa nibaki nacho. Kiko hapa mezani, pembeni ya simu.

Tafakari, ndugu yangu. Wakatabahu.