Homa: Dalili na Jina la Ugonjwa

Neno homa lina kazi mbili katika lugha yetu. Hutaja joto la mwili lililozidi kiasi, nalo hutaja pia maradhi yenyewe. Historia ya utambuzi wa maradhi yatuonyesha hatari ya kuchanganya mambo hayo mawili.

Mwaka 1870 Unguja iliingiwa na maradhi ya homa na maumivu makali ya viungo, ambayo wenyeji waliyaita kidinga pepo. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu kisiwani humo, aliandika kwamba wazee waliyakumbuka maradhi ya namna hiyo yaliyopita miaka ya 1820. Wazee hao walitambua kwa kulinganisha dalili na dalili, kwani hapakuwa na njia nyingine. Baadaye maradhi hayo yakahesabiwa kuwa dengue.

Mwaka 1952 maradhi yenye dalili kama hizo yalizuka Newala, kusini mwa Tanganyika. Kwa Kimakonde yaliitwa chikungunya, yaani kinachokunja, kwa jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu. Maabara ilipokitenga kirusi chake, kilionekana kuwa si cha dengue. Ndipo baadhi ya wataalamu waliporejea maandishi ya Christie na kuona kwamba huenda maradhi ya Unguja nayo yalikuwa chikungunya. Dalili zilikuwa zimeandikwa sawasawa. Jina ndilo lililotiliwa shaka.

Malaria yatoa funzo hilo hilo. Laveran aliviona vimelea vyake kwa hadubini huko Algeria mwaka 1880. Hata hivyo, mahali pengi homa yoyote iliendelea kutibiwa kama malaria, hadi Shirika la Afya Duniani liliposhauri mwaka 2010 kwamba damu ipimwe kwanza. Dengue ilipoenea Dar es Salaam mwaka 2014, umuhimu wa shauri hilo ulidhihirika: wagonjwa walikuwa na homa, lakini vimelea vya malaria havikuwamo.

Hivyo basi, mfasiri na mwandishi wa taarifa hawana budi kutunza mpaka huu. Mgonjwa asemapo "nina homa," ametaja dalili. Karani akiandika "malaria" kabla ya kipimo, amekwisha kumwandikia dawa. Twapendekeza homa peke yake ibaki kuwa jina la dalili, na jina la ugonjwa lingoje ushahidi.