Mwaka Upi Ulikuwa na Nguvu Kuliko Yote Katika Ndondi? Mjadala wa Mwambao wa Minago

Kila mwalimu wa mjadala anajua kwamba mada nzuri ni ile isiyojibika kwa neno moja. Miongoni mwa mada tulizowahi kuwapa wanafunzi wetu wanaotoka mwambao wa Rumonge ni hii: ni mwaka upi uliokuwa na nguvu kuliko yote katika historia ya ndondi? Huko Minago, ambako Kiswahili ni lugha ya mwalo na ya soko, mada ya namna hii haihitaji kufundishwa. Wavuvi, wauza mawese na madereva wa njia ya Bujumbura hubishana kuhusu mabondia kama wanavyobishana kuhusu kandanda. Lakini mwanafunzi anaposimama mbele ya wenzake tunamdai zaidi ya sauti kubwa. Tunamdai vigezo, tarehe na ushahidi. Katika makala haya tunajaribu kutimiza sisi wenyewe kile tunachowadai wanafunzi.

Vigezo vyetu

Duniani kote wapenzi wa ndondi huutaja mwaka 1971, pale Joe Frazier alipomshinda Muhammad Ali mjini New York tarehe 8 Machi, wote wawili wakiwa hawajawahi kushindwa. Wengine hutaja 1975 na pambano lao la tatu la Manila. Sisi tunauleta mjadala nyumbani, Afrika Mashariki na jirani zake, na tunaweka vigezo vitatu. Cha kwanza ni ushindi wa mabondia wetu wenyewe. Cha pili ni upana: je, mwaka huo ulikuwa na nguvu katika ngumi za ridhaa na pia za kulipwa, au ulikuwa na usiku mmoja tu wa kukumbukwa? Cha tatu ni kile mwaka ulichokiacha nyuma yake.

Ifahamike pia kwamba Burundi ilishiriki Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza Atlanta mwaka 1996. Kwa hiyo katika miaka tutakayoijadili hapa hakuna Mrundi aliyeweza kuonekana katika ulingo wa Olimpiki. Ndiyo maana mashujaa wa ndondi wanaotajwa katika mwambao wetu ni wa majirani: Waganda, Wakenya, Watanzania, na yule Mmarekani aliyepigana Kinshasa.

Hoja ya 1988

Wanaoutetea mwaka 1988 wana hoja fupi na nzito. Katika Olimpiki ya Seoul, Robert Wangila wa Kenya alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali ya uzani wa welta na kutwaa dhahabu. Mkenya mwenzake, Chris Sande, alipata shaba katika uzani wa kati. Hadi leo Wangila ndiye Mkenya pekee aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki nje ya riadha.

Hoja hiyo inashinda katika kigezo cha kwanza, lakini inayumba katika cha tatu. Wangila aliingia ngumi za kulipwa na akafariki Las Vegas mwaka 1994 kutokana na majeraha ya ulingoni, akiwa na umri wa miaka 26. Kenya nayo, hadi Michezo ya Paris ya 2024, haikupata medali nyingine ya Olimpiki katika ndondi. Mwaka 1988 ulikuwa kilele, na baada ya kilele mlima uliteremka.

Hoja ya 1972

Kwa hesabu ya medali, mwaka 1972 una watetezi wengi. Katika Olimpiki ya Munich, Philip Waruinge wa Kenya alipata fedha katika uzani wa unyoya, na wenzake Samuel Mbugua na Dick Murunga wakapata shaba. Leo Rwabwogo wa Uganda, aliyekuwa na shaba ya Mexico ya 1968, alipanda hadi fedha. Hizo ni medali nne za Olimpiki kwa nchi mbili jirani.

Lakini mjadala ukifanyika katika mwambao huu, mwaka huo hauwezi kutajwa kwa kupita tu. Tarehe 29 Aprili 1972, uasi ulizuka Rumonge na Nyanza-Lac, na watu wakauawa, wengi wao wakiwa Watutsi. Serikali ya wakati huo ilijibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima, yakiwalenga Wahutu, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, watumishi wa serikali. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Wengi walikimbilia Tanzania na kuishi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Makumi ya maelfu walirejea kuanzia 2008, wakiwa na watoto waliozaliwa na kusomeshwa huko. Baadhi ya wanafunzi wanaokizungumza Kiswahili kwa ufasaha zaidi katika mwambao huu walikipata kwa njia hiyo. Munich yenyewe ilimwaga damu: Septemba mwaka huo Waisraeli 11 waliuawa kufuatia shambulio dhidi ya timu yao. Wala 1988 haikuwa salama kwetu, kwani mwezi Agosti, kabla ya Seoul, maelfu waliuawa huko Ntega na Marangara.

Je, hilo linaondoa thamani ya medali ya Waruinge? La hasha. Waruinge hakutenda kosa lolote, na historia ya ndondi ina haki ya kuhesabu medali zake. Hata hivyo, mwanafunzi anayesimama na kusema “1972 ulikuwa mwaka mzuri” mbele ya watu wa Rumonge hajakosea ndondi, amekosea lugha. Hapo ndipo mada hii ya michezo inapogeuka kuwa somo letu.

Hoja ya 1974

Tunafika kwenye mwaka ambao wengi huutaja kwa sababu moja tu: Kinshasa. Tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali, mwenye umri wa miaka 32, alimwangusha George Foreman katika raundi ya nane. Foreman alikuwa ameshinda mapambano yake yote 40. Pambano lilikuwa lifanyike Septemba, likaahirishwa baada ya Foreman kupasuka juu ya jicho mazoezini. Kila bondia aliahidiwa dola milioni 5, na Mobutu aliligharamia ili jina la Zaire lisikike duniani. Lilipiganwa alfajiri, kama saa kumi kwa saa za Kinshasa, ili Wamarekani walitazame jioni yao. Kwetu ilikuwa kama saa kumi na moja. Mwezi ulikuwa karibu kujaa, siku ambazo wavuvi wa ndagala hawaingii ziwani kwa sababu taa zao hazina kazi penye mbalamwezi. Ng'ambo ya maji, milima inayoonekana kutoka Minago ilikuwa ya nchi ile ile ya Zaire.

Sisi tunakubali kwamba mwaka wenye nguvu kuliko yote ni 1974. Lakini hatukubali sababu hiyo. Kinshasa ilikuwa biashara ya Wamarekani wawili kwa fedha za rais mmoja. Ilikuwa na utukufu wake, ila haikuwa nguvu ya ndondi zetu.

Nguvu ya 1974 ilianza miezi tisa kabla. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Christchurch, New Zealand, Waganda Ayub Kalule na Mohamed Muruli walitwaa dhahabu, na Mkenya Stephen Muchoki akatwaa ya kwake. Agosti mwaka huo yalifanyika mashindano ya kwanza kabisa ya ubingwa wa dunia wa ngumi za ridhaa, mjini Havana. Huko Cuba, kwenye ngome ya ndondi za ridhaa, Kalule alirudi na dhahabu nyingine. Miezi miwili baadaye ndipo dunia ikaelekeza macho Kinshasa na kumsahau.

Matunda yalifuata. Muchoki alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa Belgrade mwaka 1978. Kalule alikwenda kupigana Denmark, na Oktoba 1979 akatwaa mkanda wa dunia wa WBA nchini Japani, Mganda wa kwanza kufanya hivyo katika ngumi za kulipwa. Hakupoteza pambano hadi alipokutana na Sugar Ray Leonard mwaka 1981. Tukumbuke pia kwamba Kenya na Uganda ziligomea Olimpiki ya Montreal ya 1976, kwa sababu ya uhusiano wa raga kati ya New Zealand na Afrika Kusini ya ubaguzi. Kizazi cha 1974 kilinyimwa jukwaa katika umri wake bora. Hesabu ya medali haiwezi kuonyesha kitu ambacho hakikuruhusiwa kutokea.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Ali hakuwa kwao Kinshasa, lakini alitunzwa kama mtoto wa nyumbani. Kalule alicheza ugenini Christchurch, Havana na Akita, na hadi leo hajatunzwa inavyostahili hata katika mazungumzo yetu.

Hitimisho

Kwa vigezo vyote vitatu, basi, tunauchagua mwaka 1974, na tunawakaribisha wasomaji kutupinga kwa vigezo vingine. Kwa walimu tuna ombi moja la kilugha. Kivumishi kinachofuata neno “mwaka” ni hukumu. “Mwaka wenye nguvu katika ndondi” ni dai linaloweza kuthibitishwa kwa medali na mikanda. “Mwaka mzuri” ni dai juu ya maisha ya watu wote walioupitia, na katika mwambao wa Tanganyika wapo ambao hawakuumaliza. Mwanafunzi akijifunza kutochanganya madai hayo mawili, atakuwa amejifunza Kiswahili na historia kwa pamoja.