Mali ya Nani? Amplifaya ya valvu katika stoo ya Masama

Ubavuni mwa amplifaya kuna maneno mawili yaliyoandikwa kwa brashi na rangi nyeupe: MALI YA. Kilichofuata kimekwanguliwa mpaka mbao ikatokeza. Niliikuta katika stoo ya mzee mmoja wa Masama, wilayani Hai, kati ya mashine ya mkono ya kumenyea kahawa na magunia ya mahindi, imefunikwa kanga iliyopauka. Kando yake limesimama boksi lenye spika mbili za inchi 12. Mimi nilikuwa nimeambiwa tu kwamba mzee anauza "redio kubwa ya bendi".

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kabla hujauliza bei, zunguka nyuma uangalie."

Nyuma ndiko kwenye habari. Valvu nne za EL84, vichupa vyembamba vya kioo vyenye urefu wa kidole, zimepangwa mstari mmoja. Nilipofuta vumbi nikaona ya kwanza imeandikwa Philips, ya pili Telefunken, ya tatu Tungsram, ya nne Tesla. Uholanzi, Ujerumani, Hungaria na Chekoslovakia zimekutana juu ya bati moja. Amplifaya haitoki kiwandani hivyo. Hizo ni nyayo za mafundi, na mnunuzi asiyejua zilikotoka hawezi kujua ananunua nini.

Muziki wa mlimani haukuanza na umeme. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame, jirani ya Masama, mwaka 1893, na Walutheri wa Kilimanjaro wakayashika matarumbeta mpaka leo. Tarumbeta haliombi waya; likipigwa upande huu wa korongo, upande wa pili wanalisikia. Valvu yenyewe ilizaliwa mbali, London, mwaka 1904, mikononi mwa John Ambrose Fleming, na miaka miwili baadaye Mmarekani Lee de Forest akaipa uwezo wa kukuza sauti. Kwa wengi hapa, valvu ya kwanza kuiona ilikuwa ndani ya redio, na redio ililetwa na kahawa. Wakulima walikuwa na chama chao tangu 1925, kikafuatwa na KNCU mwaka 1933. Mwaka 1951 Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kurusha matangazo, nyumba iliyouza kahawa vizuri iliweza kuwa na redio ya mezani. Mzee anakumbuka kuchungulia nyuma ya redio ya baba yake akiwa mtoto, akitafuta anayesema, asione ila mwanga mwekundu.

Mwanga ule ndio kazi yenyewe. Ndani ya valvu kuna sehemu inayopashwa moto mpaka ikatoa elektroni, na wavu mdogo unaozipunguza au kuziachia zipite. Uzi wa gitaa ukitikisika hutoa umeme kidogo mno. Umeme huo ukipelekwa kwenye wavu, unaongoza mkondo mkubwa unaokwenda kusukuma spika. Transista iligunduliwa Marekani mwaka 1947 na ingefanya kazi hiyohiyo bila joto wala kioo, lakini magitaa ya umeme yalipoenea, valvu ndiyo iliyokuwa tayari. Vox waliitoa AC30 mwishoni mwa miaka ya 1950, yenye EL84 nne kama hizi. Jim Marshall, mwalimu wa ngoma wa London, akaanza kutengeneza za kwake mwaka 1962.

Huku kwetu amplifaya haikuwa ya mtu. Mpiga solo angeweza kuwa na gitaa kavu lake nyumbani. Vyombo vya jukwaani vilikuwa vya mwenye bendi, na mwenye bendi mara nyingi alikuwa taasisi. Nuta Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ya Shirika la Bima, Mlimani Park ya shirika la DDC. Polisi na JKT nao walikuwa na zao. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo alipotoka Juwata, iliyokuwa Nuta, kwenda Mlimani Park mwaka 1978, aliondoka na sauti yake, vyombo vilibaki. Ndiyo maana nayaona maneno MALI YA kuwa na uzito zaidi kuliko jina la kiwanda. Yanasema nani angeamua dansi lipigwe au lisipigwe Jumamosi hiyo.

Kisha vikaja vipindi vya shida. Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ulifungwa, ukafunguliwa tena 1983. Mtu wa Moshi aliyezoea kupitia Holili kwenda Taveta, na kutoka hapo Mombasa, akabaki na njia za magendo tu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikamaliza fedha za kigeni. Valvu ikiungua, ingetoka wapi?

Ilitoka kwenye redio. EL84 iliyosukuma amplifaya ya jukwaani ndiyo iliyosukuma spika ya redio nyingi za mezani za Ulaya. Fundi aliyelijua hilo alinunua redio mbovu, akachomoa valvu, akaokoa dansi. Hapo ndipo nembo nne zilipokutana, na mafundi hao, ambao majina yao hayakuandikwa kwenye jalada la santuri yoyote, nawahesabu kuwa sehemu ya bendi.

Kwa hiyo ukienda kununua, anza na matengenezo, jina la kampuni baadaye. Angalia palipochomewa risasi: pakiwa safi na pang'avu, fundi alikuwa na subira, pakiwa na donge jeusi, shika mfuko wako. Harufu ya lami iliyoungua kwenye transfoma ni habari mbaya, kwa kuwa transfoma ya kupeleka sauti ndiyo ghali, na huungua amplifaya ikipigwa bila kuunganishwa na spika. Kapasita zilizovimba au zinazovuja zibadilishwe, ila usizitie mkono: hubaki na volti mamia hata plagi ikishachomolewa. Soma pia kibao cha umeme. Chombo kutoka Japani kinataka volti 100, cha Marekani 120, nasi tuna 230. Ukikichomeka moja kwa moja, umekizika.

Boksi nalo lina mambo yake, hasa Masama. Ukungu wa migombani huvimbisha mbao na kulegeza karatasi ya spika, na panya huipenda karatasi hiyo kwa kutandikia viota. Isukume spika kwa vidole vilivyosambazwa sawasawa, polepole: ikikwaruza, koili imepinda. Kwa mita, spika ya omu 8 nzima husoma kama 6 au 7. Ya kushoto ilisoma 6.6. Ya kulia haikusoma kitu.

Tuliunganisha iliyo nzima peke yake. Mzee akawasha, akasubiri valvu zipate joto, akazima taa ya stoo bila kuniambia kwa nini. Gizani tukaona mwanga wa rangi ya chungwa katika vichupa vyote vinne. Kwenye ile ya Tesla, bamba la ndani nalo lilianza kuiva jekundu. "Hiyo inakufa," akasema, akazima haraka. Valvu mpya bado zinatengenezwa Urusi, Slovakia na Uchina, nami nilipunguza bei kwa kiasi cha seti moja. Hakubisha. Alibisha kwenye boksi tu, akisema mbao kama ile haipatikani tena, na ana haki.

Tulipokuwa tunaipakia nikamwuliza aliipataje. Alikuwa mpiga rhythm. Bendi yake ilipovunjwa, mwenye bendi alikuwa anadaiwa mishahara ya miezi mingi. Hela haikuwepo, wakagawiwa vyombo. Yeye akapata amplifaya na boksi.

"Na jina hapa ubavuni, nani alilikwangua?"

"Mimi. Kwa kisu cha ndizi, usiku uleule."