Si mwanafunzi, si mfanyakazi: historia ya au pair

Tarehe 24 Novemba 1969, mjini Strasbourg, Baraza la Ulaya lilifungua kwa ajili ya kutiwa saini mkataba kuhusu vijana wanaokwenda nchi za nje kuishi na familia, kusaidia kulea watoto na kujifunza lugha ya wenyeji. Mkataba huo unasema kwamba kijana wa au pair hayumo katika kundi la wanafunzi wala la wafanyakazi, bali yuko katika kundi lake mwenyewe lenye sifa za pande zote mbili. Waliouandika walikusudia kumlinda. Hata hivyo, asiyejulikana ni nani hajulikani pia anadai haki zake wapi, na vijana wengi waliokuja baadaye wameilipia sentensi hiyo.

Desturi yenyewe ni ya zamani kuliko mkataba. Huko Uswisi, tangu karne ya 19, familia zinazozungumza Kijerumani zilizoea kuwapeleka mabinti zao, mara tu walipomaliza shule, wakakae mwaka mmoja katika majimbo ya Vaud, Neuchâtel au Geneva, ambako watu huzungumza Kifaransa. Binti alisaidia jikoni, alifua, aliwatunza watoto, kisha alikaa mezani pamoja na wenyeji wake akiokota lugha yao. Wakati mwingine familia mbili zilibadilishana watoto kabisa: wako aje kwangu, wangu aende kwako. Humo ndimo usawa, ambao ndio maana ya maneno au pair, ulimopata nguvu. Ukimtesa mtoto wa mwenzio, wako naye yuko mikononi mwa mwenzio. Si kila binti alibahatika, maana wapo waliotumikishwa kama vijakazi, lakini mpango wenyewe ulikuwa na ulinzi ndani yake.

Hatari nyingine ilikuwa njiani. Reli zilipoenea, wasichana walianza kusafiri peke yao kutafuta nafasi katika miji ya mbali, na kwenye vituo vya treni waliviziwa na watu waliowauza kwenye madanguro. Mwaka 1877, mjini Geneva, wanawake wa Kiprotestanti walioguswa na kampeni za Mwingereza Josephine Butler dhidi ya ukahaba uliodhibitiwa na serikali waliunda umoja wa kimataifa wa kuwasaidia wasichana, ulioitwa kwa Kifaransa Amies de la jeune fille. Waliwapokea wasichana vituoni, wakawatafutia mahali salama pa kulala, wakapeleleza sifa za nyumba walizokuwa wakiendea. Nawaheshimu sana wanawake hao. Serikali zilikuwa bado hazijatunga kanuni yoyote kuhusu jambo hili, wao tayari walikuwa wakitaka kujua binti anakwenda kwa nani.

Uingereza iliingia kwa mlango mwingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 zaidi ya wanawake milioni moja walikuwa wakifanya kazi za ndani nchini humo. Vita viwili vya dunia viliwapeleka viwandani na maofisini, na wengi hawakutaka tena kurudi kwenye majiko ya watu. Familia za kipato cha kati zilibaki na nyumba, watoto, na hakuna msaidizi. Katika miaka ya 1950 na 1960 sehemu ya pengo hilo ilijazwa na wasichana kutoka Uswisi, Ujerumani, Austria na nchi za Skandinavia waliokuja kutafuta Kiingereza. Wengi walitoka kwenye familia zisizopitwa mbali kihali na zile zilizowapokea, na binti aliyechoshwa na mwenyeji wake angeweza kufunga sanduku akapanda meli kurudi kwao. Uwezo huo wa kuondoka ulimlinda kuliko kanuni yoyote.

Mkataba wa Strasbourg ulichukua desturi hiyo ukaiwekea mipaka. Kijana awe na umri kati ya miaka 17 na 30. Akae hadi mwaka mmoja, na kwa kuongezewa muda isizidi miaka miwili. Asifanye kazi zaidi ya saa 5 kwa siku, apate siku moja nzima ya mapumziko kila wiki na angalau Jumapili moja kwa mwezi, apewe nafasi ya kuhudhuria masomo ya lugha na pesa za matumizi. Ulianza kutumika mwaka 1971, lakini nchi chache tu ndizo zilizouridhia, zikiwemo Ufaransa, Italia, Denmark na Norway. Ujerumani ilitia saini na kuishia hapo.

Ndani ya Ulaya, sura inayopendwa zaidi ya mpango huu imekuwa ile ya kiangazi. Italia na Hispania hufunga shule kwa karibu miezi mitatu ilhali wazazi wanaendelea na kazi, kwa hiyo mwanafunzi wa chuo kutoka nchi nyingine huja Juni, huwapeleka watoto ufukweni, huzungumza nao lugha yake, na Septemba hurudi darasani. Raia wa Umoja wa Ulaya hahitaji viza kwa safari hiyo. Mambo yakiharibika hupanda basi akaenda zake, kama wale wasichana wa Uingereza ya zamani.

Marekani ilianza kwa majaribio mwaka 1986, ikiwaleta vijana wa Ulaya kwa viza ya mabadilishano ya kitamaduni. Utamaduni ulitajwa, lakini saa za kazi zilifika 45 kwa wiki. Mwaka 1997 dunia nzima ilifuatilia kesi ya Louise Woodward, msichana Mwingereza wa miaka 19, aliyeshtakiwa Massachusetts kwa kifo cha mtoto mchanga aliyekuwa akimlea. Baraza la mahakama lilimtia hatiani kwa mauaji. Siku chache baadaye jaji alipunguza kosa kuwa la kuua bila kukusudia, na adhabu ikawa siku 279 ambazo tayari alikuwa amezikaa rumande. Watu walibishana sana kuhusu msichana huyo, wachache wakauliza juu ya mpango uliomkabidhi kijana asiyesomea ulezi watoto wadogo kutwa nzima.

Posho ya au pair wa Marekani ina hesabu inayostahili kutazamwa. Kuanzia 2009 kima cha chini cha mshahara cha shirikisho kilikuwa dola 7.25 kwa saa. Zidisha kwa saa 45, kata asilimia 40 ya chumba na chakula, zinabaki dola 195.75 kwa wiki. Mwaka 2014 vijana waliopitia mpango huo, wakiongozwa na binti kutoka Colombia, walifungua kesi Denver wakidai kwamba mawakala wanaouendesha walipatana kuigandisha posho kwenye kiasi hicho. Mwanzoni mwa 2019 mawakala walikubali kulipa dola milioni 65.5. Desemba mwaka huo mahakama ya rufaa ya Boston iliamua kwamba sheria za Massachusetts za mshahara zinamhusu au pair pia. Kwa mahakama hiyo, aliyekuwa si mwanafunzi wala mfanyakazi alikuwa mfanyakazi.

Ulaya nayo ilikuwa imebadilika: vijana walianza kutoka nchi za mbali, zilizo maskini zaidi. Ufilipino ilizuia raia wake kwenda Ulaya kama au pair mwaka 1998 kwa sababu ya malalamiko ya unyanyasaji, na haikuliondoa zuio hilo kabisa hadi 2012. Wafilipino hata hivyo ndio waliokuwa wengi Norway, nchi iliyoufunga mpango wake mwaka 2024. Hakuna familia ya Oslo iliyompeleka binti yake Manila aoshe vyombo vya watu ili ajifunze Kitagalogi. Kubadilishana kulikufa, na usawa ukafa pamoja nako.

Hapo ndipo sisi tunapoingia. Vijana wa Kenya wanaosoma Kijerumani cha ngazi ya kwanza, A1, jijini Nairobi wanaifahamu njia hii vizuri: mwaka mmoja wa au pair Ujerumani, kisha mwaka wa kujitolea, kisha Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi, mara nyingi ya uuguzi. Kwao hakuna kiangazi cha miezi mitatu. Kuna viza, akiba ya wazazi, na tiketi isiyorudiwa kirahisi. Wapo waliofika kwa watu wema, wakapata lugha na taaluma, na leo wanasomesha wadogo zao. Siwezi kuibeza njia hiyo. Wapo pia waliogeuzwa yaya na mpishi wa kutwa, huku wakiambiwa kwamba wao ni watoto wa nyumbani. Na sisi tunaomwita msichana wetu wa kazi "dada", kisha udugu huo tukaufanya sababu ya kumcheleweshea mshahara, tunaujua mchezo huo.

Kwa hiyo mzazi, na wewe kijana unayejiandaa kwenda: kanuni za Ujerumani zinasema saa zisizozidi 30 kwa wiki, pesa za matumizi yuro 280 kwa mwezi, mchango wa yuro 70 kwa kozi ya lugha, bima inayolipwa na familia, na wiki 4 za likizo kwa mwaka. Yaone hayo kwenye mkataba ulioandikwa kabla ya kutoa pesa kwa wakala yeyote. Ongea na au pair aliyetangulia katika nyumba hiyo, uongee naye wenyeji wakiwa hawapo. Na uhakikishe unayo nauli ya kurudi ambayo hakuna mwenyeji anayeishikilia.