Sehemu ya 5: Subaru au Evo? Historia ya magari mawili na kiti cha nyuma

Huu ni mfululizo wetu wa historia ya vitu vinavyotuletea wagonjwa kasualti. Tulishaongea juu ya jiko la mafuta ya taa, tukaongea juu ya helmeti ya boda. Leo ni gari.

Mmoja wenu ameniandikia kwamba mume wake ameweka akiba miaka minne. Wana mtoto wa miezi minane. Sasa mzee hajui achague Subaru Impreza WRX au Mitsubishi Lancer Evolution, ile vijana wanaiita Evo. Akaniuliza, "Sister, hizi gari zina tofauti gani? Mimi naona ni rangi tu."

Mpenzi, usione haya. Mimi mwenyewe nilifundishwa na wagonjwa. Kijana akilala wodini na mguu kwenye plasta, hana hadithi nyingine. Basi keti vizuri nikupe historia, halafu nitakujibu.

Zilitoka wapi?

Ushindani wenyewe ulizaliwa mwaka 1992 huko Japani. Mwaka huo Mitsubishi walitoa Lancer Evolution ya kwanza, na Subaru wakatoa Impreza WRX. Sababu ilikuwa moja, mbio za dunia za rali. Sheria za wakati huo zilisema ukitaka gari lako lishindane, lazima kwanza utengeneze angalau 2,500 za aina hiyo za kuuzia watu wa kawaida. Ndiyo maana gari la mbio likapata milango minne, buti, na nafasi ya watoto. Lilivaa nguo za gari la familia ili liruhusiwe kushindana. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Nguvu je? Zote zilikuwa na injini ya lita 2.0 yenye turbo, na zote zilisukuma magurudumu yote manne. Evo ya kwanza ilitoka na nguvu za farasi 250, WRX 240. Kila mmoja akimwona mwenzake ameongeza, naye anaongeza. Kufika 1996 zote mbili zilikuwa zimefika 280, halafu kwenye karatasi zikasimama hapo hapo kwa miaka. Kwa nini?

Hapa ndipo mimi kama nesi nasimama kidogo. Japani waliwahi kuzika watu 16,765 kwa ajali za barabarani katika mwaka mmoja, 1970. Wakajitahidi, idadi ikashuka. Lakini 1988 ikapanda tena, ikavuka 10,000. Watengenezaji wa magari wakakubaliana wenyewe kwa wenyewe kwamba gari la kuuzwa nchini mwao lisitangazwe kuwa na zaidi ya farasi 280. Makubaliano hayo yalidumu mpaka 2004. Tena magari yao ya nyumbani yalifungwa yasipite kilomita 180 kwa saa. Angalia spidomita ya gari lolote la mtumba kutoka Japani, mara nyingi inaishia 180. Huko waliona mazishi, wakaweka kikomo. Gari likifika kwetu, kijana analipeleka kwa fundi kikomo kitolewe.

Huku kwetu zilishindana vipi?

Safari Rally ilianza 1953, ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Mitsubishi walipata jina hapa mapema. Joginder Singh wetu alishinda na Lancer mwaka 1974 na tena 1976. Evo na Subaru zilipokuja, mashabiki waligawanyika kama Gor na AFC. Hesabu ya Safari ni hii: 1996 alishinda Tommi Mäkinen na Mitsubishi. 1997 Colin McRae na Subaru. 1998 Richard Burns na Mitsubishi. 2000 Burns huyo huyo, sasa yuko Subaru. 2001 Mäkinen tena na Mitsubishi. Miaka miwili iliyobaki, 1999 na 2002, McRae alizichapa zote mbili akiwa na Ford. Kwa hiyo tangu 1996 hadi 2002 ni Mitsubishi tatu, Subaru mbili, Ford mbili. Ukisikia mtu anaapa kwamba moja ilikuwa bora kabisa, mwonyeshe hesabu hiyo.

Raha ya kuendesha

Wanaozijua husema hivi. Evo ni kali kwenye kona. Kuanzia toleo la nne la 1996 iliwekewa mtambo unaogawa nguvu kati ya gurudumu la nyuma la kushoto na la kulia, ili gari ligeuke haraka. Injini ya Subaru imelala, pistoni zinapigana ngumi kushoto na kulia, hivyo uzito unakaa chini na gari linashika barabara. Ule mngurumo wake wa kukatika-katika unatoka kwenye mabomba ya moshi yasiyo na urefu sawa. Ndiyo sauti inayomwamsha mtoto wako saa saba za usiku jirani akirudi.

Bei

Hapa Subaru ina nafuu. Vipuri vingi vya WRX vinafanana na vya Forester na Legacy, ambazo zimejaa mjini, na mafundi wanazijua. Evo ni chache, na kitu kikiwa kichache unalipia uchache wake. Mafuta zote zinakunywa. Usidanganywe.

Sasa turudi kwenye kiti cha nyuma

Gari la rali lililoshinda Safari lilikuwa na viti viwili tu, cha dereva na cha msoma ramani. Ndani limechomelewa vyuma kama kizimba. Wote wawili wana helmeti na mikanda ya kubana mabega yote. Safari ya enzi hizo ilipita kwenye barabara za kawaida, kwa hiyo juu kulikuwa na helikopta ya kuwaonya kuhusu lori au ng'ombe mbele. Hiyo ndiyo spidi tunayoishangilia. Gari atakalonunua mzee halina kizimba, halina helikopta, na kile kiti cha nyuma kilichowekwa kwa sababu ya sheria za mbio ndicho atakachokalia mwanao.

Na hii historia ina upande mwingine. Mwaka 1965 Joginder alishinda Safari yake ya kwanza na gari aina ya Volvo PV544. Mwaka 1959 aina hiyo hiyo ilikuwa ya kwanza duniani kuuzwa na mkanda wa begani na kiunoni, ule aliobuni mhandisi Nils Bohlin. Volvo waliacha kampuni nyingine zitumie ubunifu huo bure. Umeokoa watu wengi kuliko kombe lolote, na hakuna anayeushangilia.

Zamu moja ya usiku tuliletewa baba, mama na mtoto. Gari lenyewe lilikuwa dogo la kawaida, wala hawakuwa wanakimbia sana. Wazazi walikuwa wamefunga mkanda, wakatoka na michubuko. Mtoto alikuwa amepakatwa. Alilala wodini wiki nne, miguu yote miwili imening'inizwa juu, maana ndivyo tunavyotibu paja la mtoto mdogo lililovunjika. Mama yake alirudia neno moja tu: "Nilimshika. Nilimshika kabisa."

Mama, huwezi. Gari la kilomita 50 kwa saa likisimama ghafla ndani ya moja ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 anavutwa kama mzigo wa kilo 140. Hakuna mkono wa mama unaoshika kilo 140. Na spidi ikitoka 50 kwenda 100, nishati ya mgongano haiwi mara mbili, inakuwa mara nne.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kwa familia yenye mtoto, Subaru ni rahisi kuishi nayo, na Evo ni ya mtu anayeenda uwanja wa mbio Jumapili. Lakini kabla ya kulipa, mwambie akae kiti cha nyuma mwenyewe. Avute kila mkanda aone unarudi na unafunga. Aangalie breki na matairi. Pesa ya kiti cha mtoto itoke kwenye bajeti ya gari, isisubiri mwezi ujao. Asipoweza kununua vyote viwili, basi bado hajafika bei ya hilo gari.

Mtumie baba watoto asome. Akikasirika, mwambie Sister amesema ampigie Joginder saluti, halafu afunge mkanda.

Sehemu ya 6 tutaongea juu ya maji ya chumvi na sukari, dawa ya kuhara. Mbaki salama.